Chungu cha Njia Kuu: Mchuzi, Supu na Misafara ya Tabora

Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapanda Usagara, ikakata Ugogo, ikaingia Unyanyembe, kisha ikateremka hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Mwendo wa karibu kilomita 1,200. Historia yake imezoeleka kusimuliwa kwa pembe, bunduki na minyororo, na majina yanayotajwa ni ya watawala, matajiri na wasafiri wa Kizungu. Chungu hakitajwi, au kikitajwa ni kwa kupitia tu. Ilhali pembe haikuwa na miguu. Ilibebwa na mtu, na mtu huyo kila magharibi alitua mzigo wake, akatafuta mawe matatu, akainjika. Atakayetaka kujua njia ile ilikuwa nini hasa, naauangalie moto huo: nani alipika, nani alikula, na nani alilala na njaa.

Kwanza yafaa kukumbuka majira. Wanyamwezi, waliokuwa wapagazi mashuhuri kuliko wote, walikuwa wakulima pia. Wengi wao walivuna kwanza, wakajaza ghala, ndipo wakafunga safari ya pwani wakati wa kiangazi, mito ikiwa imepungua na njia imekauka. Kwa hiyo miezi ya safari ilikuwa pia miezi ya kipupwe. Msomaji wa pwani anaijua kusi inavyovuma Juni na Julai, lakini baridi ya Tabora ni nyingine. Mji uko juu ya uwanda wenye kimo cha takriban mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua huwaka, usiku mbingu huwa nyeupe na ardhi hupoa upesi. Mtu aliyelala chini na shuka moja ya merikani alihitaji kitu cha moto tumboni kabla ya kulala, na kingine kabla ya kupambazuka.

Kitu hicho kiliitwa mchuzi. Mombasa husemwa mtuzi. Neno supu ni la kuja, limetoka Ulaya, na limepata makao katika Kiswahili kwa maana iliyo finyu zaidi: maji ya nyama au mifupa iliyochemshwa polepole, yanywewayo moto. Mchuzi una maana pana. Ndio unaoteremsha wali, ugali au muhogo. Na katika nyumba nyingi za pwani maana yake ya kwanza ni tui. Hapo ndipo njia ya misafara ilipoanza kumfundisha mtu wa Mrima somo lake. Kadiri alivyoiacha bahari nyuma, ndivyo minazi ilivyopungua, hata akafika mahali ambapo chungu cha mama yake hakiwezekani tena.

Badala ya nazi, Unyamwezi ilikuwa na karanga. Zilikaangwa kidogo, zikatwangwa, zikakorogwa ndani ya majani ya kunde au uyoga wa msituni, na mchuzi ukawa mzito na wenye mafuta kama uliotiwa tui. Wafugaji walitoa samli. Tena mbele zaidi, msafara ulipokaribia Ujiji, mafuta yaligeuka rangi: yalikuwa mawese, mekundu, yaliyokamuliwa katika michikichi ya kando ya ziwa. Nazi, karanga, mawese: mtu aliyefumba macho angeweza kujua yuko wapi katika njia ile kwa kuonja tu.

Na chumvi nayo ilikuwa na njia yake. Huko Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambayo watu waliyachemsha tangu zamani za kale, kabla ya msafara wowote wa pwani kufika. Chumvi ile ilichukuliwa mbali sana, na Tabora ilikuwa mojawapo ya masoko yake. Dagaa waliokaushwa Ujiji walisafiri vivyo hivyo, wepesi kubeba, wagumu kuoza. Biashara ya njia kuu, basi, haikuanzishwa na wageni peke yao. Wageni waliikuta njia ya chumvi, ya majembe na ya nafaka, wakaipanua kwa ajili ya pembe na watumwa.

Posho ya mpagazi ilipimwa kwa kibaba. Kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, yaani karibu ratili moja na nusu, ndicho kilichohesabiwa kuwa haki yake; naye alibeba mzigo wa frasila mbili au karibu yake, mbali na mkeka, silaha na chombo chake cha kupikia. Mara nyingi hakupewa nafaka yenyewe. Alipewa kipande cha nguo au shanga, akajinunulie kijijini. Hapo ndipo ukali wa soko ulipomgusa: mvua ikikosekana, au misafara miwili ikifika mahali pamoja kwa siku moja, nguo ile ile ilinunua nusu ya unga wa jana.

Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu. Wapagazi waliijua maana ya neno hilo kuliko wengi. Walijigawa katika makundi madogo ya watu waliokula pamoja, na kundi la namna hiyo liliitwa kambi. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine alipika, na wote walizunguka chungu kimoja. Aliyeugua njiani alitegemea kambi yake. Aliyekufa, kambi ndiyo iliyojua jina la baba yake. Katika mizunguko hiyo Mnyamwezi alikaa na Mzaramo, na mtu wa Bagamoyo akakaa na Mmanyema, na lugha waliyoombana chumvi ilikuwa Kiswahili. Wanaotafuta sababu za lugha hii kuenea bara huwataja wafanyabiashara, wamisionari na maakida. Wangefanya vyema kuongeza chungu katika orodha yao.

Nyama ilikuwa adimu. Siku ya nyama ilikuwa siku ya mnyama aliyepigwa na wawindaji, au ng'ombe aliyetolewa na mtawala, au aliyechinjwa na mwenye msafara ili kutuliza manung'uniko. Minofu iligawanywa na mingine kubanikwa. Mifupa, kwato na matumbo yaliingia chunguni, yakachemka usiku kucha. Siku nyingine zote mchuzi ulikuwa wa majani: mlenda, kunde mbichi, au kunde zilizokaushwa juani. Viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, matobolwa kwa Kinyamwezi, vilikuwa akiba ya safari kwa kuwa havikuoza. Yako masimulizi yasemayo kwamba jina la Tabora lenyewe limetokana na matobolwa hayo. Iwapo ni kweli, mji ule uliitwa kwa chakula cha msafiri.

Pahali pa kuogopwa zaidi palikuwa Mgunda Mkali, nyika kati ya Ugogo na Unyamwezi, isiyo na maji ya kutegemea wala vijiji vya kununua unga. Msafara ulijaza vibuyu na mifuko, ukakaza mwendo. Chungu kisicho na maji ni udongo tu, na wengi waliodhoofika waliachwa katika nyika ile. Ng'ambo yake ilikuwa Tura, na vijiji vya Unyamwezi, na baada ya siku chache Unyanyembe yenyewe.

Richard Burton na John Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kazeh, katika eneo la Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Burton aliusifu sana ukarimu wa wafanyabiashara Waarabu, na hasa wa Snay bin Amir. Katika tembe zao palikuwa na wali, nyama, samli na viungo vilivyopanda na misafara. Walilima mpunga, ngano na vitunguu, wakapanda miembe. Miaka kumi na minne baadaye, Juni 1871, Henry Stanley naye alipokewa vizuri Kwihara. David Livingstone alifika hapo pamoja naye Februari 1872, na Stanley alipoondoka Machi, mzee yule alibaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Kipupwe chote cha mwaka ule alikipitisha katika tembe ambayo hivi leo ni makumbusho.

Lakini mpunga ule haukujilima. Mashamba ya matajiri wa Unyanyembe yalilimwa na watumwa, na majiko yao yalishikwa na wanawake waliotolewa Manyema na kwingineko, ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu chochote. Mgeni alikula akashukuru, akamwandika mwenyeji. Mpishi hakumwuliza jina. Nao waliokuwa wakiteremshwa pwani kwa minyororo walipita katika mji huo huo, wakiisikia harufu ya vyungu visivyokuwa vyao. Wanawake huru walikuwapo pia: wake wa wapagazi wa Kinyamwezi waliofuatana na waume zao, wamebeba vyungu, unga na mara nyingi mtoto mgongoni. Bila wao msafara ungefika umekonda zaidi.

Chungu kile kilitikiswa na vita. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo alipopigana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, na biashara yote ikayumba. Januari 1893 mtemi Isike, aliposhindwa na majeshi ya Wajerumani, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na ilionekana kwamba kichwa cha mpagazi kimepumzika.

Hakikupumzika. Vita Kuu ilirudisha mizigo vichwani, na safari hii kwa nguvu. Majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Tabora Septemba 1916, na kila upande uliwakusanya wapagazi bila kuhesabu gharama ya uhai wao. Makumi ya maelfu walikufa, wengi zaidi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kambi za zamani, zile za watu wa chungu kimoja, zilivunjwa. Mtu alipewa unga asioujua, pengine bila muda wa kuuivisha, akala akaharisha, akafa kando ya njia. Dar es Salaam ina mtaa uitwao Kariakoo, jina lililotokana na kikosi hicho cha wachukuzi. Wengi huenda huko kununua ndizi na vitunguu, na hawalisikii jina wanalolitamka.

Tabora ya leo, kama miji mingi ya bara, hunywa supu asubuhi. Mifupa ya mbuzi au makongoro ya ng'ombe huinjikwa tangu usiku kwa moto wa pole. Povu huenguliwa, hutiwa chumvi, tangawizi na kitunguu, na haraka haitakiwi, kwa sababu utamu umo ndani ya mfupa nao hutoka kwa hiari yake. Kunapopambazuka, katika ubaridi wa Julai, huja waendesha pikipiki, wachukuzi wa sokoni na abiria wa treni. Ndimu hukamuliwa, pilipili huongezwa, chapati hutoweshwa.

Mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ndivyo usemavyo ulimwengu, na ndivyo wapagazi walivyosahauliwa. Lakini mifupa ile, na chumvi ile, na desturi ya wachukuzi kuzunguka chungu kimoja kabla ya mzigo wa siku, si mambo yaliyozuka jana. Waliozikwa bila majina kati ya Mgunda Mkali na ziwa hawakuacha vitabu. Waliacha namna ya kupika, na namna ya kugawana.