Mwenye Saundi Ndiye Mwenye Sherehe

Kuna imani fulani hapa Nairobi. Dijei akiingia klabu na kontrola yake kwa begi, wasee wanamcheka. Ati dijei wa ukweli anakuja na flashi na hedifoni tu, vyombo ni vya klabu. Sawa, aminini mnachotaka, lakini historia haiko upande wenu.

Twende Kingston, Jamaika, miaka ya 1950. Watu wa mitaa ya chini hawakuwa na doo ya kuingia mahoteli kusikiza bendi. Kwa hivyo watu kama Tom the Great Sebastian, Duke Reid na Coxsone Dodd wakajenga saundi zao: amplifaya, spika kubwa kama kabati, santuri kutoka Marekani. Walizibeba kwa gari, wakazipanga uwanjani, ngoma ikaanza. Duke Reid alikuwa na duka la pombe, so unaweza kuona hesabu ilivyoenda. Ushindani ulikuwa mkali hadi walikuwa wanakwangua lebo za santuri ndio mpinzani asijue ni wimbo gani. Hakuna mtu aliwauliza kama wanaruhusiwa kuja na vyombo. Bila vyombo vyao, sherehe haikuwepo.

Kijana mmoja wa Kingston, Clive Campbell, alihamia Bronx, New York, mwaka wa 1967. Mnamujua kama Kool Herc. Tarehe 11 Agosti 1973, dadake Cindy aliandaa sherehe kwenye jengo la 1520 Sedgwick Avenue apate pesa za nguo za kurudi shule. Wasichana walilipa senti 25, wavulana 50. Herc alipiga na saundi ya kwao. Leo tunasema hip hop ilizaliwa usiku huo. Na Grandmaster Flash, aliyekuwa amesomea mambo ya umeme shuleni, akajitengenezea swichi ya kusikiza santuri ya pili kwa hedifoni kabla watu waisikie. Ukimiliki chombo, unaweza kukifungua na kukibadilisha. Cha klabu huwezi kugusa.

Basi klabu ziliingia wapi? Chukua Paradise Garage, New York, iliyofungwa 1987. Saundi yake ilijengwa na Richard Long, na Larry Levan alikuwa dijei wa hapo wiki baada ya wiki, miaka nenda miaka rudi. Alizijua zile spika kama mathe anavyojua jiko lake. Hapo kutumia vyombo vya nyumba kulikuwa na maana.

Halafu vyombo vikaanza kufanana kila mahali. Technics SL-1200MK2 ilitoka 1979 na ikawa deki ya dunia nzima. 2001 Pioneer wakaleta CDJ-1000, watu wakaanza kuacha santuri. 2009 ikaja CDJ-2000, inayosoma flashi. Hapo ndipo hii tabia ya "flashi tu" ilipata nguvu. Kumbe sheria mnayoitetea kama ya mababu ni ndogo kuliko wengi wenu mnaosoma hapa!

Sasa shida ni hii. Kijana wa mtaani anajifunza na kontrola ndogo na laptopu ya mtumba kwa keja. Deki mbili za CDJ na mikisa zikiwa mpya ni pesa ya gari kuukuu. Ukimwambia kontrola hairuhusiwi, unamwambia arudi nyumbani. Na huku Magharibi, dijei wa disko matanga anafika na jenereta, spika na kila kitu. Serikali imepiga marufuku hizo disko, na sitetei yaliyokuwa yakipata watoto huko usiku. Lakini sijawahi kusikia mtu akisema yule si dijei.

Klabu nazo zina hoja. Hakuna meneja anataka kuona waya zikichomolewa saa sita usiku watu wakiwa wamepandisha mori. So piga simu wiki moja kabla. Uliza kama mikisa ina nafasi ya waya zako na kama meza inatosha. Beba waya zako mwenyewe. Fika kabla mlango ufunguliwe, unganisha, jaribu sauti. Usiguse cha mwenzako akiwa bado anapiga.

Lakini kuna klabu zingine zinakataza kontrola yako Ijumaa, halafu deki yao ikikufa Jumamosi wanakupigia: "Kuja na vyombo vyako, boss." Pesa ni ile ile. Hapo mnaibiwa. Kule Kingston, mwenye saundi alikula pesa ya mlango kwa sababu alileta saundi. Ukileta vyombo, hiyo ni kazi ya pili na ina bei yake. Andika kwa makubaliano: kupiga ni hivi, vyombo ni hivi, kikiharibika hapo ndani nani analipa.

Kama wewe ni dijei, niambie: mara ya mwisho ulibeba vyombo vyako, ulilipwa za nani, zako ama za vyombo pia?