Kiswahili Sanifu na Kiswahili cha Uvira: Historia ya Kaida Mbili

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Runingu, kaskazini mwa Uvira, akiandika katika insha yake "mutoto iko mu nyumba", mwalimu anayefuata kitabu cha sarufi huipigia mstari sentensi hiyo na kuandika juu yake "mtoto yumo nyumbani". Kwa mujibu wa Kiswahili Sanifu, sahihisho hilo ni halali. Lakini mara nyingi huambatana na maelezo kwamba mwanafunzi ameiharibu lugha, yaani kwamba Kiswahili Sanifu ndicho kilichotangulia na cha Kongo ni mabaki yake yaliyooza. Hilo si suala la sarufi tena, bali ni dai la kihistoria, na linapasa kupimwa kwa tarehe na ushahidi. Makala haya yanakusudia kulipima.

2.0 Lugha iliyotangulia usanifishaji

Kiswahili kilifika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika kwa njia ya misafara ya biashara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji. Richard Burton na John Speke walipofika Uvira kwa mitumbwi mwaka 1858, walikuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa pwani wamekwisha kuufanya mji huo kituo chao cha mwisho upande wa kaskazini. Upande wa Manyema, Nyangwe na Kasongo zilikua kuwa vituo vikubwa, hasa katika enzi ya Tippu Tip. Jina Kingwana, ambalo Kiswahili cha Kongo kimeitwa kwa muda mrefu, latokana na waungwana wa misafara hiyo. Baadaye wamisionari nao walikitumia. Mapadri Weupe waliokipokea kituo cha Mpala mwaka 1885 walikitumia kufundishia dini.

Usanifishaji ulikuja baada ya hapo. Mkutano wa elimu wa Dar es Salaam wa mwaka 1925 uliufungua mjadala. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ukachagua Kiunguja kuwa msingi. Na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Wajumbe wake walitoka katika nchi nne: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, haikuwamo. Basi kaida inayotumiwa kuwahukumu wasemaji wa Uvira iliwekwa bila wao, zaidi ya miaka 70 baada ya Kiswahili kufika kwao.

3.0 Makosa au urithi?

Maumbo yanayolaumiwa zaidi yana utaratibu wake. Kwanza ni kiambishi mu- katika mutu, muti na mutoto. Umbo hili ni kongwe kuliko m- ya Kiunguja, na lugha jirani zinalo, kama Kirundi katika neno umuntu. Pili ni mahali: mu nyumba, ku soko. Kiswahili Sanifu hutumia kiambishi tamati -ni, lakini upatanisho wake bado unazishuhudia ngeli zile zile za kale: nyumbani mwangu, nyumbani kwangu, nyumbani pangu. Tatu ni udogo: katoto na tutoto, mahali pa kitoto na vitoto. Nne ni kitenzi cha mazoea, anasomaka kwa maana ya husoma, ambacho asili yake ni kiambishi cha Kibantu kinachopatikana katika lugha nyingi za eneo hili.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba maumbo yote hayo yalihifadhiwa tangu kale. Yaelekea mengi yalirejeshwa na wasemaji wa Kifuliiru, Kivira na Kibembe, waliokipokea Kiswahili kwa mizani ya lugha zao. Aidha, upatanisho umepungua, kwani iko hushika nafasi ya yuko na kiko pia, jambo la kawaida kwa lugha iliyoenezwa na watu waliojifunza ukubwani. Na Kifaransa kimeacha maneno kama biro na lopitali. Huko ndiko kubadilika kwa lugha. Kiunguja chenyewe kilipokea Kiarabu na Kiingereza bila kuitwa kibovu.

4.0 Mfano wa mbali na wa karibu

Tatizo hili si la Kongo pekee. Huko Ireland, sarufi rasmi ya Kiayalandi iliyotolewa mwaka 1958 ilitayarishwa na idara ya tafsiri ya Bunge, ilhali wasemaji wa asili waliendelea na lahaja za Munster, Connacht na Ulster. Mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo alikuta shuleni maumbo ambayo bibi yake hakuyatumia. Karibu zaidi, wapenzi wa Kimvita wamelalamika kwamba lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi iliachwa kando mwaka 1928.

5.0 Hitimisho

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, bila kusema ni Kiswahili kipi. Mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kamisheni yake ya Kiswahili ina makao Zanzibar. Mlango uliofungwa mwaka 1930 sasa umefunguka, na Kongo haina budi kuingia na maelezo kamili ya sarufi ya Kiswahili chake.

Kiswahili Sanifu kinahitajika katika vitabu, ofisi na mawasiliano ya nchi na nchi, na mwanafunzi wa Runingu anastahili kukijua vyema. Afundishwe kwa kulinganisha: umbo la nyumbani hili, umbo la maandishi lile, na sababu ya tofauti hiyo. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba lugha ya mama yake ni uharibifu hajifunzi usanifu; hujifunza kunyamaza.