Uhamisho kati ya Vyuo Vikuu: Namna ya Kupima Nafasi ya Ombi Lako Kabla ya Kuliwasilisha

Kila mwaka wa masomo unapoanza, wapo wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaobaini ndani ya wiki chache kuwa chuo walichosajiliwa hakiendani na hali yao. Mmoja ameugua na anahitaji kuwa karibu na hospitali anakotibiwa. Mwingine mzazi wake amepoteza kazi na ada ya chuo binafsi haiwezekani tena. Mwingine amegundua kuwa programu aliyoitaka tangu awali bado ina nafasi katika chuo kingine.

Utaratibu wa kuhama upo na unatambuliwa rasmi. Hata hivyo, kuwapo kwa utaratibu hakumaanishi kuwa kila ombi litakubaliwa. Mwanafunzi anayeomba bila kupima nafasi yake anaweza kupoteza muhula mzima, ada aliyokwisha kulipa na wakati mwingine hata mkopo wake. Makala haya yanaeleza mambo matano ya kuyapima kabla ya kuandika barua ya kwanza.

Uhamisho si udahili wa pili

Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), inayofanya kazi chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu, Sura ya 346, ndiyo inayosimamia viwango vya udahili nchini. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018, waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni. Vyuo huchagua, na Tume huthibitisha kuwa waliochaguliwa wana sifa.

Uhamisho unafuata msingi huo huo. Chuo anachokwenda mwanafunzi kinapaswa kumkubali, chuo anachotoka kinapaswa kuridhia, na taarifa zake zinapaswa kuthibitishwa katika mfumo wa Tume. Kwa hiyo, mwanafunzi ambaye hakuchaguliwa katika programu fulani kwa kukosa sifa asitarajie kuipata kwa njia ya uhamisho. Sifa zinazopimwa ni zile zile.

Jambo la kwanza: sifa za kujiunga

Anza na Mwongozo wa Udahili unaotolewa na TCU kila mwaka. Mwongozo huo unaonyesha, kwa kila chuo na kila programu, sifa za chini za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi.

Kwa mhitimu wa Kidato cha Sita, kiwango cha jumla ni ufaulu mkuu katika masomo mawili yanayohusiana na programu, wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Katika hesabu inayotumika kwa waliohitimu kuanzia mwaka 2016, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Mwenye D mbili, kwa mfano, anafikisha pointi 4. Mwenye D na E anabaki na 3 na hafikii kiwango. Kwa mwenye stashahada, kiwango cha jumla ni wastani wa GPA 3.0.

Kiwango hicho ni mlango wa nje tu. Programu nyingi zina masharti ya ziada. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, unadai ufaulu katika Fizikia, Kemia na Biolojia kwa pamoja. Mwanafunzi asome masharti ya programu anayoitaka katika chuo anachokitaka, kwa kuwa programu zenye jina moja zinaweza kutofautiana masharti kati ya chuo na chuo.

Jambo la pili: nafasi

Kila programu ina ukomo wa wanafunzi uliowekwa kulingana na wahadhiri, maabara na madarasa yaliyopo. Programu ikishajaa, sifa nzuri pekee hazitoshi. Ndiyo maana ni rahisi zaidi kuhamia programu ambayo bado ilikuwa ikipokea waombaji katika awamu za mwisho za udahili kuliko ile iliyojaa awamu ya kwanza. Piga simu au fika katika ofisi ya udahili ya chuo unachokusudia na uulize swali moja: je, nafasi ipo?

Jambo la tatu: muda

Kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza, dirisha la uhamisho hufunguliwa kwa muda mfupi mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na tarehe zake hutangazwa na TCU. Sababu yake ni ya kitaaluma: anayefika baada ya majaribio ya kwanza tayari amepoteza sehemu ya muhula. Ombi lenye sifa zote likichelewa huwa halina tofauti na ombi lisilo na sifa.

Jambo la nne: krediti

Kwa mwanafunzi aliyekwisha kumaliza mwaka mmoja au zaidi, swali kubwa ni kiasi gani cha kazi aliyoifanya kitatambuliwa. Kazi hiyo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni sawa na saa 10 za kujifunza, zikiwamo za darasani, mazoezi na kujisomea. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani wastani wa 120 kwa mwaka.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mwenye krediti 120 za mwaka wa kwanza. Chuo anachokwenda kikilinganisha mitaala na kutambua 80 tu, atabakiwa na krediti 280 badala ya 240. Krediti hizo 40 ni theluthi moja ya mwaka ambayo atapaswa kuisoma upya na kuilipia. Hivyo, kabla ya kuomba, pata hati ya matokeo na muhtasari wa kila somo ulilofaulu, kisha uulinganishe na mtaala wa chuo kipya.

Ikumbukwe kuwa mwanafunzi aliyeondolewa chuoni kwa kushindwa masomo au kwa utovu wa nidhamu hahami. Suala lake hufuata utaratibu tofauti.

Jambo la tano: fedha

Mnufaika wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) asidhani kuwa mkopo utamfuata wenyewe. Awasiliane na Afisa Mikopo wa chuo anachotoka na wa chuo anachokwenda, na ahakikishe Bodi ina taarifa za uhamisho wake. Aidha, asichukulie kuwa kiasi alichopangiwa kitaongezeka kwa sababu tu ada ya chuo kipya ni kubwa zaidi. Kwa anayelipa mwenyewe, urejeshwaji wa ada iliyolipwa hutegemea kanuni za fedha za chuo husika. Aziulize kabla ya kuondoka.

Namna ya kufikia uamuzi

Mwenye sifa za programu, aliyethibitishiwa kuwa nafasi ipo na ambaye yuko ndani ya muda, ana ombi lenye nguvu. Mwenye sifa lakini asiye na uhakika wa nafasi aombe huku akiendelea na masomo yake kikamilifu. Asiyefikia sifa asipoteze fedha na muda; njia bora kwake ni kuongeza sifa au kuomba udahili upya katika mwaka unaofuata.

Katika hali zote, mwanafunzi asiondoke katika chuo alichosajiliwa kabla ya kupata kibali cha maandishi na kuona taarifa zake zimebadilishwa. Anayehudhuria masomo katika chuo kipya bila kukamilisha uhamisho anaweza kujikuta hatambuliwi kokote: chuo cha awali kimemhesabu kuwa mtoro, na kipya hakina jina lake.

Vilevile, wazazi na wanafunzi wajihadhari na vishoka wanaodai kuwa na uwezo wa kuuza nafasi za uhamisho. Hakuna mtu binafsi mwenye mamlaka hayo. Taarifa sahihi hupatikana katika ofisi za udahili za vyuo na katika tovuti za TCU, www.tcu.go.tz, na HESLB, www.heslb.go.tz.