Tasnifu ya Historia na Ushahidi wa Maneno: Mfano wa Nakuru

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayetakiwa kuandika tasnifu ya historia aghalabu huanza na mada pana mno, kama vile ukoloni katika Bonde la Ufa. Kinachotakiwa ni swali moja, mahali pamoja na kipindi kimoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba, huko Nakuru, swali la namna hiyo huweza kupatikana ndani ya neno.

Tuchukue mfano wa maskwota, yaani Waafrika waliolima na kufuga katika mashamba ya walowezi na kulipia ruhusa hiyo kwa kazi. Sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mlowezi kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Katika miaka ya 1920 mifugo yao ilianza kuondolewa mashambani. Kwa watawala, hiyo ilikuwa hatua ya kupunguza mifugo. Maskwota waliiita kifagio. Istilahi ya kwanza yataja amri. Ya pili yatoa hukumu juu yake, kwamba mali ya mtu ilifagiwa kama taka. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, alitumia nyaraka pamoja na masimulizi ya maskwota wenyewe.

Mfano wa pili ni Olenguruone, makazi yaliyoanzishwa 1941. Serikali iliwahesabu wakazi wake kuwa wapangaji waliopaswa kufuata kanuni za kilimo. Wao walijihesabu kuwa wenye ardhi. Walizikataa kanuni, wakala kiapo, na kufikia 1950 walikuwa wamefukuzwa. Msomaji wa majalada peke yake atawaona kuwa wakaidi tu. Naye msikilizaji wa wazee peke yake atakosa tarehe na maneno ya amri.

Hivyo basi, yafaa mtafiti aandike neno kama lilivyotamkwa, liwe la Kikuyu, Kikalenjin au Kiswahili, kabla ya kulifasiri. Ataje limesemwa na nani, wapi na lini. Kisha alilinganishe na jalada. Hata hivyo, jina laweza kubuniwa baada ya tukio, nalo lapaswa kupimwa kama ushahidi mwingine wowote. Watu wazima walioshuhudia kifagio hawapo tena, na waliokuwa watoto Olenguruone sasa ni wakongwe. Jalada laweza kungoja rafuni, mzee hangoji.