Upana kwanza, inchi baadaye: Mwongozo wa kuchagua simu inayotosha kiganjani

KATIKA miaka ya kwanza ya simu za mkononi nchini, udogo ulikuwa sifa. Nokia 3310, iliyoingia sokoni mwaka wa 2000, ilikuwa na upana wa milimita 48 pekee, na mwenyewe aliweza kuiendesha yote kwa kidole gumba kimoja.

Leo hali imegeuka. Anayeingia katika duka la simu mjini Nairobi, Mombasa au Kisumu hukuta rafu zimejaa simu za kisasa ambazo skrini zake zimepita inchi sita na nusu. Akiuliza iliyo ndogo, mara nyingi huonyeshwa simu ya vibonyezo, maarufu kama mulika mwizi, kana kwamba hakuna kitu baina ya hizo mbili.

Kwa Mkenya wa kawaida, hili si suala la urembo. Tangu huduma ya M-Pesa ianzishwe mwaka wa 2007, simu imekuwa pochi ya wengi. Abiria aliyesimama ndani ya matatu akishikilia chuma, mama aliyebeba mtoto na mchuuzi mwenye bidhaa mkononi wote wana mkono mmoja tu wa kulipia au kupokea pesa. Simu wasiyoweza kuikamata barabara huponyoka na kupasuka, au hunyakuliwa kwa urahisi barabarani.

Zilivyonenepa

iPhone ya kwanza, iliyozinduliwa mwaka wa 2007, ilikuwa na skrini ya inchi 3.5. Huawei IDEOS, iliyowapa Wakenya wengi fursa ya kumiliki simu ya kisasa mwaka wa 2011 kwa takriban Sh8,000, ilikuwa na inchi 2.8. Mwaka huo huo, kampuni ya Samsung ilitoa Galaxy Note ya inchi 5.3, na kuna waliocheka kwamba mtu angeonekana anazungumza na kipande cha ubao. Kicheko hicho hakikudumu. Watu walianza kutazama video, kusoma magazeti na kufanya kazi za ofisi katika simu, na watengenezaji wakapata nafasi ya kutia betri kubwa zaidi.

Majaribio ya kurudia udogo yamefanywa. Apple ilitoa iPhone 12 mini mwaka wa 2020 na 13 mini mwaka wa 2021, zote za inchi 5.4, lakini hazikununuliwa kwa wingi uliotarajiwa. Kampuni hiyo iliacha kuuza 13 mini mwaka wa 2023. Mnamo Februari 2025 iliachana pia na iPhone SE ya inchi 4.7, ikaleta 16e yenye inchi 6.1.

Inchi zinavyopotosha

Kosa la wanunuzi wengi ni kulinganisha simu kwa inchi. Inchi hizo hupimwa kwa mshazari, yaani kutoka pembe moja ya skrini hadi pembe inayoikabili, na hazisemi lolote kuhusu unene wa kingo wala upana wa simu yenyewe. Awali, skrini nyingi zilikuwa na sehemu 16 za urefu kwa kila sehemu 9 za upana. Siku hizi urefu hufikia sehemu 19 au 20 kwa upana ule ule, na kingo zimepunguzwa mno.

Matokeo yake ni ya kushangaza. iPhone 8 Plus ya mwaka wa 2017 ina skrini ya inchi 5.5 na upana wa milimita 78.1. Galaxy S25 ya mwaka wa 2025 ina inchi 6.2, lakini upana wake ni milimita 70.5. Anayefuata inchi ataikataa ya pili akidhani ni kubwa zaidi, ilhali ni nyembamba kwa karibu milimita nane. Vilevile, iPhone SE ya 2022 yenye inchi 4.7 ina upana wa milimita 67.3, huku 13 mini yenye skrini kubwa kuiliko ikiwa na milimita 64.2.

Kwa hivyo, kipimo cha kwanza kuangaliwa ni upana, kwani ndio unaoamua iwapo vidole vitaizunguka simu na gumba kufika upande wa pili. Urefu huhusu mfuko na mkoba zaidi. Uzito ni wa tatu: 13 mini ina takriban gramu 140, Galaxy S25 gramu 162, na Galaxy S24 Ultra zaidi ya gramu 230.

Kupima kabla ya kununua

Kadi ya benki ya kutolea pesa ni rula nzuri, kwa kuwa kadi hizo huwa na upana wa milimita 54 na urefu wa karibu milimita 86. Simu inayoizidi kadi hiyo kwa sentimita moja tu kwa upana ni ndogo kweli. Inayoizidi kwa sentimita moja na nusu hivi ni ya wastani. Ikizidi kwa sentimita mbili na zaidi, wenye viganja vidogo watahitaji mikono miwili.

Njia nyingine ni kukata kadibodi kwa vipimo vilivyotangazwa na mtengenezaji na kuishika kwa muda. Dukani, mnunuzi aishike simu kwa mkono mmoja, kisha ajaribu kugusa kwa gumba pembe ya juu ya upande wa pili bila kuilegeza. Afanye hivyo simu ikiwa ndani ya kava, kwa maana kava huongeza milimita kadhaa.

Bei na betri

Ugumu mkubwa uko kwa mwenye pesa kidogo. Simu mpya za bei nafuu karibu zote ni pana. Galaxy A05 ya mwaka wa 2023, kwa mfano, ina upana wa milimita 78.2 na uzito wa gramu 195. Zilizo nyembamba kwa kawaida huwa za daraja la juu na bei yake ni ghali.

Aidha, udogo una gharama yake. A05 ina betri ya mAh 5,000 na Galaxy S25 ina mAh 4,000, ilhali 13 mini ina takriban mAh 2,400. Anayeishi mahali ambapo umeme hupotea mara kwa mara hana budi kulifikiria hilo.

Simu za kukunja, kama vile Galaxy Z Flip iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2020, hupunguza urefu kwa nusu na kuingia mfukoni bila tabu. Hata hivyo, zikifunguliwa hurudi kuwa ndefu, bei yake ni ya juu, na bawaba yake huhitaji kukingwa dhidi ya vumbi.

Mitego ya simu zilizotumika

Wengi hukimbilia simu ndogo za zamani zilizotumika ng'ambo. Hapa swali kuu ni iwapo simu bado inapokea masasisho ya usalama. Mwaka wa 2025, WhatsApp iliacha kufanya kazi katika iPhone 5s na iPhone 6, na programu za benki nazo huweza kuyakataa matoleo ya kale. Simu inayotosha kiganjani lakini haiwezi kulinda pesa za mwenyewe ni hasara.

Mnunuzi akague tarehe ya sasisho la mwisho katika mipangilio, pamoja na afya ya betri. Katika iPhone, kiwango kilicho chini ya asilimia 80 ni dalili kwamba betri imechoka. Ahakikishe pia kuwa akaunti ya mwenye awali imeondolewa. Akibonyeza *#06#, nambari ya utambulisho itakayotokea ilingane na ya kwenye boksi. Wakenya wanakumbuka simu bandia zilivyozimwa kwa agizo la serikali mwaka wa 2012.

Asiyepata iliyo nyembamba anaweza kupunguza adha ya ile kubwa. Samsung na Apple zimeweka mpangilio wa kushusha au kufinya skrini kwa matumizi ya mkono mmoja, na baadhi ya kibodi husogezwa upande mmoja. Pete au mkanda wa nyuma ya kava huzuia simu kuponyoka.

Kwa ufupi, mnunuzi aanze na upana, afuatishe masasisho, kisha betri, ndipo azungumzie bei. Na kabla ya kulipa, aishike simu kwa mkono ule ule mmoja atakaokuwa nao huru ndani ya matatu.