Kasha, Jamvi na Kipepeo

Mpelekee fundi wa Bungoma mashine isiyowaka, swali lake la kwanza litakuwa: "Mwalimu, umekuja na sipiyu peke yake?" Anamaanisha sanduku zima, pamoja na nyaya na vumbi lake. Sipiyu yenyewe ni kijipande kimoja tu cha ndani, kinachotosha kulala juu ya vidole viwili, na ndicho kinachokokotoa. Jina la kiungo limevishwa mwili mzima. Vitabu vya shule vimetupa kitengo kikuu, jina linalonukia ofisi ya serikali. Mimi nasema kasha. Pwani kasha ni sanduku imara la kutunzia vya thamani. Huku bara twalijua, ila hatulipi kazi. Na kile kijipande kiwe bongo, basi.

Kuhusu jina la mashine yote, magazeti na vitabu vya Kenya vinaipenda tarakilishi. Wanaolichambua neno hili husema ni tarakimu na akili zilizofinyangwa pamoja. Sawa, lakini tarakimu na akili zote asili yake ni Kiarabu. Tukimfukuza kompyuta kwa ugeni, tunamfukuza kwa ajili ya mgeni mwingine aliyewahi tu kufika. Wapo pia waliopendekeza ngamizi, na kila nikilisikia nasikia maangamizi. Kompyuta imeshinda sokoni na sioni haja ya kukata rufaa.

Hata hivyo tarakilishi haikushindwa bure. Ilikatwa mkia, mkia ukapachikwa kwenye kitenzi kitamu cha kupakata, tukapata kipakatalishi. Kupakata ni kuweka mapajani kwa upole: mtoto hupakatwa, paka hupakatwa. Sikio la Mswahili linasikia pia kulisha humo ndani, hata kama mbunifu hakukusudia. Hicho kifaa hupakatwa kama mtoto, na kama mtoto hakiachi kudai chakula, hasa betri ikiwa imechoka.

Neno kipakatalishi lilivuma Kenya baada ya ahadi za uchaguzi wa 2013 za kuwapa watoto wa shule vifaa hivyo. Vifaa vilipoanza kufikia watoto wa darasa la kwanza mwaka 2016, havikuwa vya kupakata, vilikuwa vishikwambi, yaani tableti. Nalo hili, kishikwambi, ndilo linalonipa matumaini kuliko yote. Tanzania, katika sensa ya 2022, makarani walizunguka nchi nzima wakiwa na vishikwambi mkononi, kisha vikagawiwa walimu. Jina na kifaa vilibisha hodi kwenye mlango mmoja, siku moja. Hakuna aliyehitaji kamusi.

Diski tepetevu, yaani flopi, haikubahatika hivyo. Mkumbuke mwanafunzi wa zamani zile aliyevua viatu mlangoni pa maabara ya kompyuta, ili udongo mwekundu usiingie, akakaa mbele ya Pentium iliyokuwa nyeupe na sasa imegeuka manjano, akachomeka kijibamba cha inchi tatu na nusu chenye nafasi ya megabaiti 1.44. Kijibamba kilikuwa kigumu! Kilicholegea kilifichwa ndani ya ganda la plastiki. Tepetevu kwetu ni mtu mvivu, asiye na nguvu za kuinuka, na kwa kasi ya zile diski nadhani mtunzi alikuwa na utani wake. Tumelipoteza neno zuri pamoja na kitu chake. Diski ngumu haina hata utani.

Sasa ramu. Wataalamu wanaiita kumbukumbu, na hapa nakataa katakata. Kumbukumbu za mkutano ni kile kinachobaki watu wakishaenda. Ramu haibakizi kitu: umeme ukikatika Kitale saa nane mchana, kila ulichokuwa hujakihifadhi kimekwenda. Hiyo si kumbukumbu, ni jamvi. Jamvi hutandikwa kazi inapoanza, likawa dogo watu wakabanana, likawa pana kila mtu akapata pa kukaa. Shughuli ikiisha hukunjwa. Mteja anayetaka mashine yake ya gigabaiti nne iwe na nane aseme: "Fundi, nitandikie jamvi pana zaidi." Ataeleweka hata na bibi yake.

Kumbukumbu yenyewe tukirudishie kinachotunza, au tukiite ghala. Trans Nzoia, penye mahindi yote haya, nani atauliza ghala ni nini? Faida nyingine ni kwamba ghala halijali kilichomo kama ni sahani inayozunguka au vipande vitupu vya kielektroniki. Esiesidi (SSD) haina diski yoyote ndani, na bado tunaihesabu miongoni mwa diski.

Vitenzi vya mafundi vinahitaji marekebisho machache kuliko nomino za wasomi. Mashine imeganda: neno lililotoka kwenye maziwa na mafuta, limeenea kwenye kioo bila kuombwa. Haiwaki. Imezima yenyewe. Panapokwama ni kufomati. Vitabuni ni kuumbiza, kutoka umbo, neno zuri lenye kasoro moja: linaficha hatari. Mteja akiambiwa diski yake itaumbizwa atatabasamu. Akiambiwa itafomatiwa atashtuka aulize picha za harusi ziko wapi. Tuseme kufuta na kuumba upya, hata kama ni refu.

Mausi imepata puku Kenya na kipanya Tanzania. Nachagua kipanya kwa ajili ya ki- yake ya udogo, nikijua kwamba Dar es Salaam vipanya viliwahi kuwa daladala ndogo.

Nimeibakiza feni inayopoza bongo, ile inayozibwa na vumbi la barabara ya Kiminini mpaka mashine inanguruma. Kamusi zina neno lililosahaulika: kipepeo, kifaa kidogo cha kupepea, mbali na yule mdudu wa mabawa. Msiogope mkanganyiko, sarufi imekwisha kuutatua. Kipepeo amekufa ni habari ya bustani. Kipepeo kimekufa, fungueni kasha.