Siku Kutembea Kulipogeuka Maandamano

Vijana wenzetu, wengi wetu tukisikia neno maandamano tunawaza mabango, mawe na matairi yanayoungua. Lakini maandamano makubwa ya Kampala ya mwaka 2011 yalianza na kitu kidogo sana: watu kwenda kazini kwa miguu.

Uchaguzi ulikuwa umefanyika 18 Februari. Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 68, Besigye akapata 26. Halafu bei ya mafuta na chakula ikapanda. Kundi la Activists for Change likasema: basi, Jumatatu na Alhamisi tuache magari nyumbani, twende kwa miguu kama maskini wanavyokwenda kila siku. Hakuna jukwaa, hakuna kipaza sauti.

Jumatatu 11 Aprili Kizza Besigye akatoka kwake Kasangati akaanza kutembea. Hakufika mbali. Polisi walisema hayo ni maandamano yasiyo na ruhusa, wakamkamata. Norbert Mao wa DP naye akakamatwa. Sasa swali likabaki mitaani: mtu anayetembea tu njiani, ni mwandamanaji? Maana kila asubuhi watu wa Bwaise na Katwe wanatembea hivyo hivyo kwa kukosa pesa ya taksi, na hakuna anayewadai ruhusa.

Alhamisi 14 Besigye alipigwa risasi ya mpira mkononi. Alhamisi 28, karibu na Mulago, askari walivunja kioo cha gari lake wakampulizia pilipili machoni. Picha zikaenea. Kesho yake, Ijumaa 29, mji ukawaka. Hata watu ambao hawakuwahi kutembea na Besigye hata siku moja walitoka wakafunga barabara. Askari wakajibu kwa gesi ya machozi na risasi. Human Rights Watch iliandika kwamba watu 9 waliuawa na askari mwezi ule. Si wote walikuwa waandamanaji. Kule Masaka alikufa mtoto wa miaka miwili.

Tukiangalia vizuri, si hotuba zilizojaza barabara. Ni nguvu iliyotumika juu ya watu waliokuwa wanatembea. Jambo la bei likageuka jambo la heshima. Na bei yenyewe haikusikia risasi: kufika Oktoba mfumuko ulikuwa umepita asilimia 30. Aprili 2012 serikali ikalipiga marufuku kundi lile.

Sisi wakimbizi, Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inatukataza kufanya siasa Uganda, na tunaiheshimu. Lakini posho tunanunua sokoni kule kule, na njia tunapita ile ile. Risasi haiulizi kitambulisho. Ndiyo maana historia hii inatuhusu: wanaolipa siku kama ile mara nyingi ni wapita njia. Wenzetu mliokuwa Kampala mwaka ule, mlikuwa mtaa gani, na mlirudije nyumbani?